Ng'ombe za Ng'washi

Siku Ng'washi aliyorudi kwao Chimala, kaka yake Makoye alikuwa amechuchumaa uani, anasugua cheni ya pikipiki kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa. Ilikuwa Jumapili, siku yake ya raha. Siku nyingine zote alikuwa anakula vumbi la pumba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ila Jumapili alikuwa wa ile pikipiki tu. Alikuwa ameiinua juu ya stendi ya mbao aliyoigonga mwenyewe, tairi la nyuma linaning'inia, analizungusha kwa kidole kimoja huku ameinamisha sikio. Cheni ilipita vizuri, ikapita, halafu mahali pamoja ikatoa kasauti kadogo, kama mtu anameza mate. Hako kasauti ndiko alikokuwa anakatafuta tangu asubuhi.

Haikuwa pikipiki ya kubebea abiria. Ilikuwa ya spoti, ile ya kulalia tumbo, silinda nne, ikiwaka mtaa mzima unajua. Makoye alikuwa ameikata mkia, ameifupisha ekzosi, ameipaka rangi ya bluu mwenyewe mara tatu mpaka ikawa inang'aa kama maji. Kwenye tangi aliandika kwa herufi nyeupe NKUBA, jina la baba yake, ambalo kwa Kisukuma ni radi. Mzee Nkuba alipoona jina lake pale juu alijifanya kukasirika, lakini tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja lazima apitishwe uani kwanza.

Mama yao ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona binti. Akaangusha ungo.

"Ng'washi! Mbona peke yako? Mzigo wako uko wapi?"

Ng'washi hakuwa na mzigo. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani kama mtu mwenye mafua. Alifika katikati ya uwanja, akasimama, halafu akakishusha. Midomo ilikuwa imevimba, na meno ya mbele ya juu hayakuwepo.

"Chai ilikuwa imepoa," alisema.

Makoye alibaki na mswaki mkononi, mafuta ya taa yanamdondokea kwenye vidole vya miguu. Tairi la nyuma lilikuwa bado linazunguka lenyewe.

Mzee Nkuba alitoka ndani na redio yake kwapani, akamtazama binti yake, akaizima redio. Alikaa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti. Mara ya kwanza Ng'washi alipokimbia walimrudisha kwa mumewe kule Idodi, ukweni wakawapa mbuzi wa kuomba radhi. Mara ya pili walimrudisha, na hata mbuzi hawakupewa.

"Safari hii harudi," alisema mzee. "Watakuja kumdai, waje. Ng'ombe zao zipo, wachukue waondoke. Makoye, utaenda kwa Luhende ukazitoe."

"Sawa baba," Makoye alijibu, macho yake kwenye cheni.

Ng'ombe za mahari ya Ng'washi zilikuwa za Makoye. Ndivyo ilivyo kwao: binti akiolewa, ng'ombe zake zinamngoja kaka yake, aoe nazo. Na mtu mwenye akili hawezi kuziweka zote kwenye zizi moja, ugonjwa ukaingia zikaisha. Anazigawa kwa rafiki, rafiki anazitunza, anakunywa maziwa, siku mwenyewe akizitaka anazifuata. Wanaita kubilisa. Kwa hiyo Makoye aliposwaga lile kundi na kurudi mikono mitupu akasema amezibilisa kwa Luhende, kule mbugani Utengule, kila mtu alimpongeza. Hakuna anayekwenda kukagua ng'ombe zilizobilishwa. Kukagua ni kumtukana rafiki. Ukitafuta mahali pa kuficha kitu ambacho hakipo, huwezi kupata pazuri kuliko hapo.

Kwa sababu hazikufika kwa Luhende. Ziliishia mnadani, zote, na wiki ile ile Makoye akaja na pikipiki akisema mwenye mashine amemkopesha, atakatwa kwenye mshahara.

Ng'washi alimsogelea kaka yake. Alikuwa ananuka basi na damu.

"Kaka, unajua njiani nilikuwa nasema nini? Nasema, wenzangu wakikimbia wanarudishwa kwa sababu ng'ombe zimeshaliwa. Mimi zangu zipo. Kaka yangu hajazila." Akacheka kidogo, akafunika mdomo haraka. "Asante."

*

Asubuhi yake Makoye aliaga anakwenda kwa Luhende. Akageuza kona ya kanisa, akaingia lami, akaelekea Mbeya.

Njia ile alikuwa anaijua kwa mwili. Igurusi unanyoosha mgongo, Inyala unaanza kulala nayo kwenye kona, goti linashuka, jicho linatangulia kule unakotaka kwenda, mkono unafuata wenyewe. Siku nyingine hapo ndipo alipokuwa anasahau pumba, anasahau bosi, anasahau kwamba ana miaka mingi na hana mke. Siku hiyo alilala kwenye kona ya kwanza na kitu pekee alichokiona ni lile pengo kinywani mwa Ng'washi. Akainuka kabla ya wakati, akachukua upande usio wake, lori la mbao likampigia honi ndefu ya matusi.

Mbeya mjini, pale Mwanjelwa, alikwenda moja kwa moja dukani kwa Sifaeli, muuza vipuri. Sifaeli ndiye mkubwa wa kikundi chao cha kuendesha pikipiki Jumapili. Ndiye aliyewahi kusema mbele ya watu, "Huyu Msukuma ana mkono. Hii mashine ningekuwa nayo mimi nisingelala." Makoye aliyashika maneno yale kama ahadi.

"Radi imefika!" Sifaeli alimpokea. "Leo Jumatatu umekuja kufanya nini, umefukuzwa kazi?"

"Kaka Sifa, nauza."

"Unauza nini?"

Makoye akaigusa pikipiki kwenye tangi. Sifaeli akamwangalia usoni, akaona siyo utani. Akafuta mikono, akatoka nje. Vijana wawili waliokuwa wanafunga tairi nao wakasogea. Sifaeli aliizunguka, akainama, akagonga hapa, akatikisa pale. Haikuwa ile namna ya kuisifia ya siku zote. Aliipapasa kama daktari anavyopapasa mgonjwa wa mtu mwingine.

"Mkia wa mwanzo unao?"

"Nilikata nikatupa. Ulikuwa mzito."

"Ekzosi yake?"

"Nilibadilishana."

"Taa za indiketa?"

"Zilikuwa zinaharibu umbo."

"Sproketi ya cheni huku nyuma umeweka kubwa, sivyo? Ndiyo maana inaruka. Na hii pampu ya breki siyo yake, hii ni ya pikipiki kubwa. Mtu akiigusa kama ya kawaida inamrusha mbele." Akafika shingoni, pale fremu inapokutana na usukani, akapitisha kidole gumba. Akakirudisha. "Makoye. Chesesi namba iko wapi?"

"Palikuwa na kutu, nikapiga msasa. Halafu nikajaza, nikapaka rangi. Si unaona palivyolainika?"

Vijana wawili wakaangaliana. Mmoja akaguna, mwingine akapata kikohozi cha ghafla.

"Umeifuta namba ili ilainike," Sifaeli alisema polepole. "Ndugu yangu, hii sasa ni pikipiki ya wizi."

"Siyo ya wizi! Nimenunua kihalali, kadi ninayo!"

"Mimi najua. Trafiki hajui. Nikimuuzia mtu, akakamatwa nayo, anakuja kuonyesha duka la nani?" Akamshika bega. "Sikiliza, usinielewe vibaya. Umeitengeneza vizuri. Lakini umeitengeneza iwe yako. Umekata kila kitu ambacho mtu mwingine angekilipia. Nikitaka kuinunua nainunua kama vyuma vya kupima kwenye mizani, na nakuheshimu, sitaki kukutajia."

"Kuna mdogo wangu..." Makoye alianza, akashindwa kumaliza. Mtu anaanzaje kusema jambo kama lile mbele ya watoto wa gereji?

"Kila anayeuza ana mdogo wake," alisema yule wa kikohozi, na mwenzake akacheka.

Makoye alizunguka Mwanjelwa yote. Mwenye duka wa pili hakutoka hata nje. Wa tatu alitoa kichwa tu: "Ndiyo ile ya Msukuma? Hapana." Ile sifa yake ya miaka yote, kwamba hakuna nyingine inayofanana nayo mkoa mzima, ndiyo iliyotangulia mbele yake kila duka na kumfungia mlango.

*

Ukweni walituma neno: wanakuja Jumamosi, na kamba zao. Mzee Nkuba aliponusa kwamba Makoye anazungukazunguka tu, mara Luhende amesafiri, mara zizi limehamishwa kwa ajili ya maji, alivaa koti, akachukua fimbo.

"Twende wote."

"Baba, hiyo pikipiki huwezi kukaa, nilikata siti ya nyuma."

"Weka gunia."

Akaweka gunia. Mzee akapandishwa na mama kwa kusukumwa makalio, akakaa juu kule nyuma, magoti yamefika karibu na masikio, fimbo kaibana katikati.

"Hii kitu inamkalisha mtu kama kuku juu ya dari," alisema. "Haya. Endesha."

Walishika njia ya vumbi ya kwenda mbugani. Mfereji wa maji ulikuwa kushoto kwao, mpunga pande zote, watu wameinama wanapalilia. Makoye alikwenda mwendo wa maiti. Nyuma alisikia baba yake anahema, kisha mikono migumu ya mzee ikamkumbatia kiuno. Tangu awe mtu mzima baba yake hakuwahi kumshika hivyo.

"Ndiyo mwisho wake huu?" mzee alimpigia kelele sikioni. "Jina langu limeandikwa hapa halafu tunapitwa na baiskeli?"

Makoye akavuta mafuta kidogo.

"Ongeza!"

Akaongeza. Upepo ukampokonya mzee kofia, na mzee, ambaye tangu Ng'washi arudi hakuwa amecheka hata na redio, akacheka. Alicheka kama mtoto, kwa sauti nyembamba, kidevu kimejikita begani kwa mwanae. Makoye alikisikia kicheko kile kinapita mgongoni kwake. Hapo ndipo aliposhindwa. Akaachia mafuta. Akasimama katikati ya njia, akazima.

"Mbona umesimama? Kwa Luhende bado."

"Baba, kwa Luhende hakuna kitu."

"Amehama?"

"Yupo."

"Zimekufa?" Sauti ya mzee ilikuwa bado na uchangamfu. "Mwaka huu zimekufa za watu wengi. Sema tu. Kama zimekufa, hata wakwe wataelewa."

Makoye alichomoa ufunguo.

"Zimeibwa?"

Mzee alikuwa anamfungulia mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulikuwa na ukubwa wa kumtosha. Angesema ndiyo, yangeisha. Angesema ndiyo, wangelia pamoja wakarudi nyumbani.

"Umezikalia, baba."

Mzee hakuelewa kwa muda. Halafu mikono ikaachia kiuno, kwanza mmoja, kisha mwingine. Alishuka mwenyewe, kwa shida, mguu ukanasa kwenye gunia, na Makoye alipotaka kumshika alimzuia kwa fimbo. Akaja mbele. Akaliangalia lile tangi la bluu, akapitisha kidole kwenye herufi nyeupe, moja moja.

"Na jina langu ukaliandika juu yake," alisema. "Gete, kweli kabisa. Nikawa nawaonyesha watu."

Akageuka, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu.

Makoye hakuweza kuwasha. Angewashaje, ampite baba yake kwa mngurumo? Akaisukuma. Ile mashine ni nzito kama fahali aliyegoma, na vumbi lilikuwa linafika kwenye kifundo. Mzee mbele, bila kofia, hageuki. Mtoto nyuma na chuma chake.

"Imeisha mafuta, Makoye?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka kwenye mpunga. "Pole! Ndiyo tabu ya vitu vya kizungu!" Wakacheka shamba zima.

*

"Mwambie mwenyewe," mzee alisema walipofika, akaingia ndani.

Ng'washi alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho bila kuinua uso. Kisha akaweka ungo chini, akaiendea pikipiki. Ilikuwa mara ya kwanza kuisogelea hivyo.

"Ipi ni ipi?" aliuliza.

"Ipi nini?"

"Mimi ng'ombe zangu nilikuwa nazijua. Siku zinaletwa nilisimama mlangoni nikaziangalia moja moja, maana watu walisema, tazama thamani yako hiyo. Kulikuwa na jike jekundu lenye pembe moja. Liko wapi hapa?" Akagusa taa ya mbele. "Ni hii? Na yule dume wa madoa ni tairi? Kulikuwa na ndama alikuwa hataki kuachana na mama yake. Nionyeshe, kaka. Nataka kujua tu."

"Ng'washi, nisamehe."

"Sijasema kitu mimi."

Akarudi kwenye mchele wake. Akachambua kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga kwenda sokoni: "Basi wakija nitaondoka nao. Mama, kitenge changu kikauke mapema."

Mama aliingia jikoni akajifungia. Walimsikia anapuliza moto ambao haukuwepo.

Siku zilizobaki Makoye alikwenda kwa kila mtu. Alikwenda kwa Luhende kweli, safari hii kwa miguu, akaomba aazimwe kundi. Luhende akamwambia kwa upole kwamba zile alizonazo na yeye amebilishiwa. Alikwenda kwa bosi wake mashineni. Bosi alimwacha asimame nje wakati anakula, akala mpaka akanawa, kisha akamwambia kijana mwenye pikipiki ya namna ile hawezi kuwa na shida.

*

Jumamosi walikuja watu wawili. Mwigulu, mume, kijana mfupi aliyevaa koti la suti na viatu vyeupe. Na baba yake mdogo, mzee Benjamini, mwenye kamba za katani zimezungushwa begani.

"Mwangaluka," mzee Nkuba aliwaamkia.

"Mwangaluka baba," walijibu kwa adabu. Watu walikuwa na adabu nyingi siku hiyo.

Wakakaa. Wakaletewa maji. Ng'washi alipiga magoti kuwapa, kitenge puani. Mume wake alipokea kikombe huku anaangalia kwingine. Alikuwa anaiangalia pikipiki.

Mzee Benjamini alisema ya kwake. Mwanamke arudi, au ng'ombe zirudi. Wao siyo watu wa ugomvi. Mzee Nkuba alisikiliza, akaegemea fimbo, na mbele ya wageni, kwa sauti iliyokuwa inatafuta pa kushika, akasema ng'ombe hazipo.

"Haziko tayari?"

"Hazipo."

"Basi mazungumzo yamekwisha kabla ya chai," Benjamini alisema. "Binti, chukua vyako."

Ng'washi akasimama. Hakuwa na vyake. Akakunja tu kitenge cha pili akakiweka kwapani.

Makoye akajikuta yuko katikati ya uwanja. Hakuwa amepanga. "Chukueni hii," alisema, akaonyesha pikipiki. "Ng'ombe zenu ndiyo hii."

Mzee Benjamini aliitazama, akamtazama kijana, akacheka kwa pua. "Tumekuja na kamba, hatukuja na funguo. Hii inakamuliwa wapi?"

Lakini Mwigulu alikuwa ameshasimama.

"Baba mdogo, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja kwanza." Akaisogelea, akaizunguka, akainama kwenye ekzosi. Macho yake yalikuwa yamelainika. Makoye aliyajua macho yale. Yalikuwa ya kwake mwenyewe siku ile alipoinunua. "Naweza kukaa?"

Akakaa. Akalala tumbo, akashika usukani kwa mikono miwili, kidevu karibu na herufi nyeupe.

"Washa," aliomba. Makoye akawasha. Kuku wakakimbia. Mwigulu alifumba macho.

"Hii kule Idodi hayupo mwenye nayo," alisema ilipozimwa. "Hata Iringa mjini. Baba mdogo, mimi nakubali. Mwanamke abaki."

"Una wazimu? Ikifa?"

"Hata ng'ombe anakufa."

"Ng'ombe akifa unakula nyama! Hii utakula nini?"

"Ng'ombe zilikuwa zangu au zako?"

Wakabishana pembeni, kwa sauti za chini zilizosikika zote. Mzee Nkuba akauliza, "Kijana, tangu umefika, umemwangalia mke wako?"

"Nimemwona," Mwigulu alijibu, mkono wake uko kwenye tangi.

Hatimaye Benjamini alitema mate chini, akasema yeye hayumo, ila ameshuhudia. Ng'ombe zimerudi. Ng'washi ni wa kwao tena. Maneno yenyewe yalikuwa machache kiasi kwamba mama alitoka jikoni akauliza, "Imekuwaje?"

*

Ikabaki kukabidhi.

"Ina namna yake, shemeji?" Mwigulu aliuliza. Alishakuwa mpole kama mwanafunzi.

Makoye alimwangalia. Kuanzia Iringa kwenda Idodi ni changarawe tupu. Mtu mgeni, breki ya mbele kali ile, kona moja tu yenye kokoto. Makoye hahitaji kufanya kitu. Anahitaji kunyamaza. Akamwangalia Ng'washi amesimama mlangoni, kitenge kimeteleza, pengo linaonekana. Akanyamaza.

Kisha akaiangalia pikipiki. Akaiona kichwani mwake iko kwenye mtaro, tangi limebonyea, rangi yake ya mara tatu imechubuka mpaka kwenye bati. Hakuweza. Siyo kwamba alimhurumia Mwigulu, hapana. Alishindwa kuivumilia ile picha.

"Breki ya mbele usiikamate kwa nguvu," alisema. "Kidole kimoja. Kwenye changarawe usiiguse kabisa, tumia ya nyuma."

"Kidole kimoja," Mwigulu alirudia.

"Inaruka ukiivuta ghafla. Iombe. Kidogo kidogo, mpaka ikuzoee. Na trafiki ukimwona, kaa mbali, shingoni haina namba."

"Kwetu trafiki anatoka wapi? Nimeelewa."

"Asubuhi kukiwa na baridi huwa haitaki kuwaka. Usikasirike. Usiipige teke. Ivutie choki, iache itulie, ijaribu tena. Ikichemka simama, ipumzishe kivulini." Alikuwa anaongea haraka sasa. "Cheni usiisugue kwa waya, waya unaichubua. Sugua kwa mswaki laini. Shika, nenda nao huu. Kuna mahali inatoa kasauti, kadogo sana. Sijajua inaumwa wapi. Wewe kila Jumapili tulia, isikilize. Ukiisikiliza itakuonyesha."

"Nitaisikiliza, shemeji. Wallahi sitaipiga."

Ng'washi alitoka mlangoni. Alikuja mpaka pale walipokuwa, akasimama katikati ya kaka yake na mume aliyekuwa wake, na safari hii hakufunika mdomo.

"Kaka," alisema. "Siku mnanitoa hapa mlipika, mkaimba, mkahesabu ng'ombe. Mbona hakuna hata mmoja aliyemwita huyu pembeni akamwambia mambo hayo?"

Makoye aliutazama ule mswaki mkononi mwa Mwigulu. Mzee Nkuba, kwenye kigoda, aliinamia fimbo yake. Hata Benjamini aliacha kukunja kamba.

Ng'washi akaokota vikombe vya wageni, akaenda kuviosha.

Mwigulu alivuta choki. Akasubiri. Akawasha kwa upole, mswaki umechomoza kwenye mfuko wa koti, akaweka kidole kimoja kwenye breki, akaondoka taratibu sana, anakwepa kila jiwe, kama alivyofundishwa.